Dawa ya Presha Haifungi Kwaresima

Tanga, Jumatatu, juma la tatu la Kwaresima

Mdogo wangu Leokadia,

Kosa wanalofanya wengi wetu wenye presha ni kukiuliza kichwa. Kichwa kikisema hakiumi, tunaamini presha imeshuka na dawa haina kazi tena. Kichwa hakijui. Presha inaweza kupanda ikaharibu figo, ikauchosha moyo na kupasua mshipa wa ubongo, huku mwenyewe anapalilia mahindi na kuimba. Ukitaka kuijua, unapima. Hakuna njia nyingine.

Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakufahamu. Ungeona salamu ndefu ungesema, kaka ana jambo, ukaikunja barua na kuiweka chini ya godoro mpaka siku yenye nafasi, na siku hiyo kwako haijawahi kufika. Sasa kwa kuwa miwani umeshavaa, Tumsifu Yesu Kristo. Mnaendeleaje hapo Mpui? Shemeji Oresto mgongo umemwachia? Nasikia mvua si mbaya, mahindi yametoa mbelewele na ulezi umesimama vizuri. Baridi siulizi, najua ipo.

Sisi hapa hatujambo. Joto la mwaka huu limezidi, hata kuku wanashinda chini ya tangi la maji wakiwa wameachama. Wifi yako ni mzima na cherehani yake haipumziki. Mimi bado nawafundisha baiolojia vijana wanaorudia mtihani, wanakuja nyumbani alasiri na viti vyao. Kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo kama nimesimama ubaoni. Huo ndio ugonjwa wangu usio na dawa. Huu wa presha dawa unayo.

Kwa simu nimejaribu. Kila nikifika kwenye neno dawa, mtandao wa Mpui unakatika. Nikiuliza habari za mbuzi, unarudi. Mara ya mwisho ulinijibu kwa Kifipa, haraka haraka, kusudi wifi yako aliyekaa karibu asielewe, kwamba mambo ya Mungu hayapimwi kwa mashine. Nikaona niandike. Barua huwezi kuikatiza.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Paskalia, na usimgombeze. Mtoto anayemsemea mama yake kwa mjomba hajafanya kosa. Alinipigia kutoka Chanji, pale Sumbawanga mjini, akiwa kwenye kibanda chake cha biashara.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Mama anafunga."

"Wakatoliki wote tunafunga."

"Mjomba, mama anafunga mpaka dawa."

Nikamwomba anieleze polepole, akaanza tangu mwanzo. Kumbe kwenye pakiti wamekuandikia kwa kalamu: asubuhi, baada ya chakula. Na wewe katika Kwaresima huli asubuhi. Ukapiga hesabu yako, kwamba pasipo chakula hapana dawa. Siku za juma zikapita hivyo. Jumapili ilipofika, kwa kuwa Jumapili Kanisa halifungi, ukarudi kutoka Misa, ukanywa uji wa ulezi, kisha ukamimina vidonge kiganjani. Paskalia, aliyekuja kukutembelea, anasema vilijaa kama karanga.

"Mama, hivyo vyote?"

"Ni vya siku nilizofunga. Hata kimoja sikukitupa, nimevitunza vizuri."

Ukavimeza. Baadaye Mzee Ng'wandu, jirani yenu mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, akabisha hodi na maziwa. Ulipoinuka kwenye kigoda kumkaribisha, dunia ikazunguka, ukaanguka karibu na mafiga. Walikubeba yeye na Paskalia wakakulaza mkekani. Walipotaka kukupeleka zahanati ulikataa, ukaagiza maji ya baraka.

"Mama Paskalia," akakuambia, "ng'ombe wangu akianguka namwita daktari wa mifugo."

"Mimi si ng'ombe wako."

"Ndiyo maana nasikitika. Ng'ombe angekwenda."

Nilicheka niliposikia, na huyo mzee ana haki ya kukutania maana alikubeba. Lakini kicheko kilikatika Paskalia aliponimalizia habari. Anasema uliamka kesho yake ukatoa hukumu: dawa ndizo zilizokuangusha, kwa hiyo dawa basi. Ukazipandisha nyuma ya picha ya Bikira Maria, ukasema utalifikiria jambo hilo baada ya Pasaka. Pasaka iko mbali, Leokadia. Presha haina kalenda ya liturujia. Hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Nianze na presha yenyewe, maana mtu akijua kitu kinavyofanya kazi hakiogopi ovyo. Unakumbuka bustani ya mboga ya baba kule bondeni, na mfereji aliouchimba kutoka kijitoni? Maji yakiwa mengi na mfereji ni mwembamba, kingo zinalika. Ukitaka zisilike una njia mbili: upunguze maji yanayoingia, au uupanue mfereji. Damu nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa mwilini kuna pampu, yaani moyo, kwa hiyo kuna njia ya tatu, kuituliza pampu. Dawa za presha zote unazozisikia, ziwe na majina marefu namna gani, zinapita katika mojawapo ya njia hizo.

Kile kidonge chako unachokiita cha kukojoa kinapunguza maji. Kinazungumza na figo, kinaiambia iachie chumvi zaidi itoke, na chumvi ikitoka inayavuta maji pamoja nayo. Siku za mwanzo chooni unakwenda sana, kisha mwili unazoea. Ndiyo sababu wanakuambia ukimeze asubuhi, usije ukalala na kuamka kila saa. Kinaweza kukuletea kiu, kukukaza misuli ya mashavu ya miguu, na ukisimama ghafla ukaona giza, kwa hiyo mtu akiinuka kitandani akae kwanza ukingoni, miguu chini, ndipo asimame. Kwa wengine hushusha madini ya potasiamu katika damu, au huamsha maumivu ya jongo kwenye kidole gumba cha mguu. Haya yote daktari anaweza kuyapima na kuyarekebisha, mradi aambiwe.

Na nikuambie jambo ambalo hukumwambia Paskalia ila mimi nalihisi. Hata kabla ya Kwaresima, Jumapili ulikuwa unakiruka hicho kidonge, kwa sababu unaona aibu kuvuka magoti ya watu kwenye benchi Padri akihubiri. Kaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Utatoka na kurudi bila mtu kugeuka.

Kile kingine, kidogo cheupe, kinaitwa amlodipini, na chenyewe kinapanua mfereji. Ukuta wa mshipa wa damu una misuli midogo iliyouzunguka kama mkanda. Misuli hiyo ili ikaze inahitaji madini ya kalsiamu yaingie ndani yake. Amlodipini inafunga milango ya kuingilia, mkanda unalegea, mshipa unapanuka, damu inapita bila kusukumana. Ni dawa ya polepole. Inakaa mwilini muda mrefu, na ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha.

Sasa utaona kilichotokea ile Jumapili. Vidonge vya siku kadhaa viliingia kwa pamoja, vya kupanua na vya kupunguza maji. Mfereji ukapanuka kupita kiasi na maji yakapungua, pampu ikashindwa kuifikisha damu kichwani uliposimama. Ukaanguka. Dawa haikukuonea. Ungekunywa debe zima la maji kwa mkupuo nalo lingekudhuru, na hatungesema maji ni sumu. Namshukuru Mungu uliamka, maana wapo ambao kosa hilo hawakuamka nalo. Kidonge cha jana hakilipwi leo. Kikishapita hadi siku nyingine, kimepita, unaendelea na cha leo peke yake.

Mimi nami nina yangu ya kusimulia, usidhani nakuhubiria kutoka mimbarini. Presha yangu waliigundua nilipokwenda kutibiwa jino. Walinianzishia enalapri. Hiyo inapita njia ya kupanua mfereji lakini kwa ujanja mwingine. Figo zikihisi damu imepungua nguvu, zinaanzisha ujumbe unaosafiri mwilini ukiiamuru mishipa ikaze. Ujumbe huo hautoki ukiwa kamili, kuna mfanyakazi njiani anayeukamilisha. Enalapri inamzuia mfanyakazi huyo, amri haifiki, mishipa inabaki imetulia. Presha yangu ilishuka vizuri sana. Kisha nikaanza kukohoa.

Ni kikohozi kikavu, kama mtu amekutia unyoya wa kuku kooni. Darasani nakohoa, kanisani nakohoa, waumini wa mbele yangu wakawa wanageuka kwa zamu. Wifi yako alivumilia, kisha akanikalisha.

"Mwalimu, hicho kikohozi vipi?"

"Kinakuja na kuondoka."

"Hakiondoki. Anayeondoka chumbani ni mimi."

Nyumba ya jirani, ninakocheza bao na rafiki yangu mmoja, nikaona kikombe changu cha kahawa kimeanza kuwekwa peke yake. Sikumlaumu. Kikohozi cha wiki nyingi kinatisha, na mwenye nacho lazima apime kifua kikuu, nikapima makohozi, nikawa safi. Ndipo nikarudi kwa daktari wangu, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu.

"Babu, unatumia dawa gani?" akaniuliza.

Nikatoa pakiti mfukoni nikaiweka mezani. Akaitazama, akanitazama.

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?"

"Uliniuliza kikohozi, hukuniuliza presha."

"Babu, ni mwili mmoja."

Akanieleza, nami nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi, maana lilikuwa jambo zuri la kufundishia. Yule mfanyakazi anayezuiwa ana kazi mbili. Mbali na kukamilisha ule ujumbe, huwa anafagia kitu fulani kinachotengenezwa mwilini, hata mapafuni. Akizuiwa, ujumbe haukamiliki, vizuri, lakini na ufagiaji unasimama, kitu kile kinarundikana na koo linawasha. Si kila mtu hupata kikohozi hicho, ila wanaokipata si wachache. Akanibadilishia, akanipa losatani. Hii inamwacha mfanyakazi aendelee na kazi zake zote mbili, ila inauzibia ujumbe sikio kule unakokwenda. Kikohozi hakikuondoka siku hiyo wala wiki hiyo. Kilififia taratibu, na kikombe changu kikarudi kati ya vikombe vingine.

Kuhusu aina hizo mbili, enalapri na losatani, nikupe tahadhari ingawa wewe huzitumii: mtu akizimeza halafu midomo, ulimi au uso ukavimba, hasubiri kesho, anakimbizwa hospitali. Na mwanamke mwenye ujauzito hapewi. Hii nimeiandika kwa ajili ya wale wenye tabia ya kuazimana dawa, na Mpui najua wapo. Shemeji Oresto akihisi presha akapimwe, asionje zako.

Baadaye presha yangu ilikaidi kidogo, wakaniongezea hiyo amlodipini yako. Hapo miguu ikavimba. Asubuhi mizuri, jioni vifundo vimejaa, viatu vyangu vya kanisani vikakataa kuingia. Rafiki yangu wa bao akasema figo hizo zimekwisha, akanitajia mizizi ya kuchemsha. Daktari alinibonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, pakabaki shimo, akapima mkojo, akasikiliza moyo, akaniambia figo na moyo viko salama. Kumbuka tena mfereji wa baba. Ukifungua mlango wa kuingilia kwa upana lakini wa kutokea ukabaki kama ulivyokuwa, maji yanapenya kwenye kingo, udongo wa pembeni unalowa. Ndivyo ilivyo: amlodipini inaifungua zaidi mishipa inayopeleka damu kuliko ile inayoirudisha, maji kidogo yanavuja kwenye nyama na kushuka miguuni. Joto la huku likaongeza. Alinipunguzia kipimo, akaniambia niinue miguu nikikaa. Siku hizi uvimbe ni kidogo sana na viatu vimekubali. Lakini angalia, uvimbe wa miguu unaweza pia kutoka kwenye moyo au figo, ndiyo maana mtu hajiamulii mwenyewe nyumbani. Anaonyesha.

Ninachotaka ukione katika habari hizi mbili ni kwamba dawa ilinisumbua mara mbili na mara zote mbili nilikwenda kusema. Kiatu kikibana, mtu wa Ufipa hatembei peku kwenye baridi ile, anatafuta kingine. Dawa za presha ni nyingi makusudi. Ipo pia inayoituliza pampu, kama atenololi, inaupunguza moyo mwendo. Hiyo inaweza kumchosha mtu na kumfanya vidole viwe baridi, mwenye pumu lazima aseme kabla hajapewa, na aliyeizoea haikatishi kwa siku moja, maana moyo utapiga mbio kama ndama aliyefunguliwa. Ukishindwa na hii utapewa ile. Usiponiamini mimi, nitazame mimi: nina umri unaoujua, napanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta.

Paskalia alinipa na maneno ya akina mama wa jumuiya yako, kwamba dawa ya presha ukishaianza hutaiacha, inakufanya mtumwa. Ni kweli kwamba wengi wetu hatutaiacha. Lakini umeezeka bati kwenye nyumba yako, na mvua ya Ufipa ikinyesha ndani ni pakavu. Je, unapanda juu kuling'oa bati kwa sababu hapavuji? Hapavuji kwa sababu bati lipo. Presha yako ikipimwa ikakutwa nzuri ukiwa kwenye dawa, hiyo ndiyo kazi ya dawa, wala si habari kwamba umepona.

Kuna na kidonge kingine ambacho hukihesabu kuwa dawa. Ukitoka kupalilia magoti yanauma, unanunua diklofenaki dukani, unameza mpaka maumivu yaishe. Hizo dawa za maumivu za jamii hiyo zinapandisha presha na kuzibana figo, na zikichanganyika na za kwako ni mbaya zaidi. Waambie zahanati habari za magoti, watakupa kisichogombana na presha. Kitunguu swaumu endelea kukitia kwenye maharage, ni kitamu, lakini hakishiki nafasi ya kidonge.

Nije kwenye lile ulilolisema kwa Kifipa. Sitakubishia imani. Tulifundishwa na katekista yule yule, na najua mama alitulea tukiamini kwamba anayekwenda kupokea Komunyo hafungui kinywa tangu usiku wa manane. Lakini Kanisa lenyewe lilishalegeza hilo zamani, na hata katika saa moja iliyobaki kabla ya Komunyo, maji na dawa havivunji kitu. Kufunga kwa Kwaresima nako, sheria yake haimshiki aliyekwisha kuingia miaka sitini, wala mgonjwa, na wewe una sifa zote mbili. Usichukue neno langu, muulize Padri baada ya Misa. Sidhani atakushangaa. Naamini si wewe peke yako parokiani, na ukiuliza wewe, mwongoza Njia ya Msalaba, wengine watathubutu kuuliza.

Na vidonge vyako hivyo viwili havidai tumbo lililojaa. Mara nyingi huandikwa "baada ya chakula" ili mtu avikumbuke anapokula. Wathibitishie hilo zahanati wenyewe, lakini kwa nijuavyo, kwa maji tu vinakwenda.

Ukitaka kujinyima kitu, nina pendekezo, na ni gumu kuliko kukosa chai: jinyime chumvi. Ijumaa hamli nyama, mnakula samaki wakavu wa kutoka ziwani, wale waliokolezwa chumvi mpaka imeganda kwenye mapezi. Chumvi ile inayarudisha mwilini maji ambayo kidonge kimehangaika kuyatoa. Loweka samaki, mwaga maji, loweka tena, na mboga uionje kabla ya kunyoosha mkono kwenye kopo la chumvi. Hapo utakuwa umefunga na Mungu ataona, na moyo wako utaona pia.

Nakuandikia kwa utulivu, lakini usidhani ni jambo dogo. Mama yetu hakuumwa kichwa hata siku moja. Asubuhi alikuwa anapepeta ulezi, mchana mdomo umepinda na mkono wa kulia umelala kama si wake. Kipindi kile hapakuwa na wa kumpima, wala wa kumpa kidonge kidogo cheupe. Mimi nilikuwa huku mbali na kazi. Wewe ndiye uliyemwogesha, uliyemgeuza kitandani, uliyejifunza kuelewa maneno yake yaliyokuwa hayaeleweki. Ulinisimulia kwamba jambo lililokuwa likimliza ni kushindwa kufanya ishara ya msalaba, siyo maumivu. Uliyabeba hayo bila kulalamika. Sasa ungependa Paskalia aje kukubeba vivyo hivyo, aache kibanda chake Chanji, kwa ugonjwa ambao safari hii kinga yake iko ukutani kwako? Ninajua jibu lako, ndiyo maana nina uhakika na unachokwenda kufanya. Wewe hukuwahi kukataa kazi. Ilikuwa tu hujaambiwa kazi yenyewe ni ipi.

Na hili likaririni nyote nyumbani: siku yoyote, mtu yeyote mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hakuna kusubiri kupambazuke wala kusubiri sala iishe. Ni hospitali hapo hapo, sala inaendelea njiani.

Barua hii nimemkabidhi kijana mmoja wa kwetu anayerudi Sumbawanga kwa basi. Paskalia ataipokea na kuileta Mpui siku ya kazi, zahanati ikiwa wazi, na nimemwambia asiondoke.

Msalimie shemeji Oresto, mwambie mgongo nao una daktari wake. Msalimie mama mwenyekiti wa jumuiya, na umsomee kipande kile cha bati. Mwalimu wa kwaya mwambie nasikia sauti ya pili imepungua, sisi wa zamani tuko tayari kurudi akituomba vizuri. Mzee Ng'wandu mpe shukrani zangu kwa mikono yake miwili na kwa ulimi wake. Paskalia mwambie mjomba anamshika mkono. Wifi yako anasema anakushonea gauni la Pasaka na anataka kukuona umelivaa umesimama wima.

Usimeze chochote cha kufidia siku zilizopita. Leo hii, ukishaikunja barua, teremsha pakiti zote za dawa, pamoja na za magoti, uende nazo zahanati na Paskalia, upimwe presha na uwaeleze yote kama yalivyokuwa.

Kaka yako,
Fulgensi